Walisema masaa mawili, mwanangu akakaa karibu matano. Sasa wanataka arudi

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 33, tunaishi wilaya moja huku Kanda ya Ziwa. Nina watoto watatu. Ninayekuandikia habari zake ni wa pili, mvulana wa miaka saba, ana kilo 18.

Alianza kukojoa damu akiwa darasa la awali. Huku kwetu mtoto akikojoa damu kila mtu anajua ni kichocho, hata mimi nilijua hivyo. Zahanati walimpa dawa ya kichocho, damu ikapungua, ikarudi, wakampa tena. Mwaka mzima ukapita hivyo. Aliposhikwa na homa kali na maumivu ya ubavu wa kushoto ndipo akapigwa utrasaundi, na daktari akaniambia mtoto ana jiwe kwenye figo. Nilimuuliza mara mbili kama ana uhakika. Nilidhani mawe ya figo ni ugonjwa wa watu wazima.

Tukapewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Kipimo cha CT kilionyesha jiwe limejaza figo ya kushoto na lina matawi, daktari akalifananisha na pembe za swala. Wakasema watatoboa tundu mgongoni, waingize kamera, walivunjevunje jiwe na kutoa vipande. "Ni kazi ya masaa mawili hivi, mama." Mume wangu ni dereva wa lori, siku hiyo alikuwa njiani kwenda Tunduma na simu yake haikupatikana. Niliweka saini peke yangu.

Mtoto aliingia saa mbili na nusu asubuhi. Nilikaa kwenye benchi la korido, mbele ya ule mlango. Saa nne na nusu nikasimama nikijua sasa wanamtoa. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Nesi mmoja akapita nikamuuliza, akanijibu, "Bado wanaendelea." Walimtoa saa saba na robo. Alikuwa anatetemeka, midomo imepauka, na mfuko wa mkojo una damu. Usiku homa ikapanda hadi 39.6. Aliongezewa damu chupa moja, akachomwa sindano siku tano mfululizo. Tuliambiwa tungekaa wodini siku nne, tukakaa kumi na moja.

Siku ya kuruhusiwa daktari akaniambia kuna kipande kimebaki upande wa chini wa figo, milimita 14, na kwamba itabidi arudi. Ndani waliacha mrija laini unaotoka kwenye figo mpaka kwenye kibofu, wakasema turudi baada ya wiki nne utolewe na tupangiwe upasuaji wa pili. Sasa ni wiki ya kumi, hatujarudi.

Nyumbani hapakaliki. Mume wangu anasema masaa mawili hayawezi kugeuka karibu matano bila kosa kufanyika mle ndani, kwamba wananificha, na hakuna atakayemgusa mwanawe tena. Mdogo wake aliingia kupasuliwa ngiri miaka ya nyuma, hakutoka hai. Tukigombana ananiambia, "Saini ni yako." Mama mkwe anampa mtoto dawa ya mizizi ya kuyeyusha jiwe, na amemkataza maziwa na dagaa kwa kuwa vina chokaa. Shemeji yangu amesoma kwenye simu kwamba nusukaputi ikizidi masaa matatu inaharibu ubongo wa mtoto. Tangu siku hiyo, mtoto akikosea hesabu, watu wananigeukia mimi.

Kwa sasa anacheza na anakula. Ila anakwenda haja ndogo mara kwa mara, na siku nyingine mkojo unakuwa na wekundu kidogo. Usiku anashtuka. Juzi aliniuliza, "Mama, nikilala kule tena nitaamka?" Nikajifanya sijasikia.

Nimrudishe bila idhini ya baba yake, au nisubiri akue kidogo? Je, ni yale masaa yaliyomuumiza mwanangu? Na kama ni hayo, nitawezaje kushika kalamu tena?

Mama wa watoto watatu, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na pole kwa huyo kijana wetu.

Umeniuliza maswali mazito, nitayafikia yote. Lakini naanza na jambo ulilolipita haraka katika barua yako: ule mrija. Nyumbani mnabishana kuhusu upasuaji wa pili, na mrija umeunganishwa na mabishano hayo kana kwamba ni kitu kimoja. Hebu tuvitenganishe. Mrija huwekwa kwa wiki chache ili mkojo upite vizuri wakati figo inapona. Ukikaa sana, hasa kwa mtoto ambaye mwili wake tayari unatengeneza mawe, chembe za mawe huanza kuuganda. Nilifanya kazi ya uuguzi wodi ya watoto kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuandika safu hii, nami nimeona mrija ambao ungetolewa kwa dakika chache ukidai upasuaji wake wenyewe kwa sababu uliachwa. Kwenda haja mara kwa mara na wekundu kwenye mkojo huweza kuletwa na mrija wenyewe, kwa hiyo usishtuke sana kwa hayo. Lakini akipata homa, akilalamika ubavu, akitapika, au mkojo ukipungua, mpeleke siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kutoa mrija hakumfungi mtu yeyote kukubali upasuaji mwingine. Mweleze baba yake hivyo, kwa maneno hayo. Akubali hili peke yake kwanza, wiki hii. Mengine yote yanaweza kungoja kikao. Mrija hauwezi.

Sasa yale masaa.

Swali lako nimelisikia hivi: kama wangemaliza kwa masaa mawili, mwanangu asingetetemeka, asingepata homa, asingeongezewa damu. Kuna ukweli ndani yake. Muda mrefu wa upasuaji wa namna hii una gharama kwa mtoto, na madaktari wanalijua hilo. Kamera inapokuwa ndani ya figo, maji hupitishwa muda wote ili daktari aone. Mtoto hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, na maji yasipopashwa moto vya kutosha atatoka anatetemeka kama ulivyomwona. Maji hayohayo, msukumo wake ukizidi, yanaweza kusukuma vijidudu kutoka kwenye figo kuingia kwenye damu, na homa huzuka usiku. Kuhusu damu, fikiria tu uzito wake. Mtoto wa kilo 18 ana damu isiyofika lita moja na nusu mwili mzima, wakati mtu mzima ana lita tano hivi. Kiasi ambacho wewe usingekihisi, kwake ni kikubwa.

Lakini nikuulize, mwanangu. Nani aliyeyarefusha masaa hayo? Baba yake anasema ni kosa la madaktari. Linawezekana, na ana haki ya kuuliza. Ila uliniandikia mwenyewe kwamba jiwe lilijaza figo na lilikuwa na matawi. Jiwe la namna hiyo huchukua muda mrefu, na jiwe hilohilo ndilo linalotoa damu nyingi na kuficha vijidudu ndani yake, hata pale kipimo cha mkojo kinapoonyesha ni msafi. Likivunjwa, vinatoka. Kwa hiyo masaa mengi na homa vinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na mama yao akawa jiwe. Ukiwa kwenye benchi huwezi kulijua hilo. Unaona saa ya ukutani tu.

Tena saa ile ilihesabu mambo mengi. Daktari akisema masaa mawili, mara nyingi anahesabu tangu anapotoboa hadi anapofunga. Kabla ya hapo mtoto analazwa usingizi, anawekewa dripu, anapitishiwa mpira mwembamba kutoka chini kupitia kibofu, kisha anageuzwa kifudifudi taratibu huku amewekewa mito kila mahali. Hayo peke yake yanaweza kumaliza saa nzima na zaidi. Mzazi aliye nje anahesabu tangu mlango ulipofungwa. Walipaswa kukueleza, na yule nesi alipaswa kuingia ndani akakuletea neno. Hilo nalisema bila kumung'unya. Kumwacha mama korido karibu masaa matano na "bado wanaendelea" ni kumwumiza, hata kama ndani kila kitu kilikwenda sawasawa.

Na kile kipande kilichobaki? Mumeo anakiona kama ushahidi kwamba walishindwa. Yawezekana. Yawezekana pia daktari aliona damu, akatazama muda, akatazama joto la mtoto, akaamua kusimama. Kuacha jiwe ukarudi siku nyingine ni jambo linalofanywa kwa makusudi, hasa kwa mawe makubwa ya watoto. Mimi sijui lipi lilitokea kwa mwanao. Lakini kuna karatasi inayojua. Kila upasuaji huandikiwa taarifa: ulianza saa ngapi, uliisha saa ngapi, damu ilimwagika kiasi gani, kwa nini walisimama. Ombeni nakala, pamoja na picha za CT na majibu ya vipimo. Msipoelewa kilichoandikwa, mwombeni daktari awasomee mstari kwa mstari mbele ya baba. Na kama baada ya hapo mtaona kuna kosa la kweli, hospitali kubwa zina utaratibu wa kupokea malalamiko, na juu yake lipo Baraza la Madaktari Tanganyika. Kudai maelezo na kumtibu mtoto vinaweza kwenda pamoja.

Kuhusu ubongo, shemeji yako hakuzua. Desemba 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu dawa za usingizi zinazozidi masaa matatu au zinazotolewa mara nyingi. Tahadhari ile ilihusu watoto walio chini ya miaka mitatu na mama wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho, na ilisisitizwa kwamba upasuaji unaohitajika usicheleweshwe kwa sababu hiyo. Mwanao ana miaka saba. Watoto wa miaka saba hukosea hesabu, wewe ni mwalimu, unawajua. Wa kwako amekaa wodini siku kumi na moja, halali vizuri, na nyumbani watu wanagombana juu yake. Ningeanzia hapo kabla ya kuilaumu nusukaputi.

Haya, njia zilizopo. Ya kwanza ni kurudia tundu. Hapa ulizia upana wake. Njia hii ilianza Uswidi kwa watu wazima mwaka 1976, taarifa za watoto zikaanza kuchapishwa 1985, na vifaa vyembamba kwa ajili yao vikaja mwishoni mwa miaka ya 1990. Tundu la mtu mzima hufika milimita 8 hadi 10. Tundu jembamba zaidi kwa kawaida hupunguza damu, ila jiwe lazima lisagwe vipande vidogo zaidi, na kazi inaweza kurefuka. Unaona jinsi lilivyo gumu hili la masaa? Muda mfupi unaweza kupatikana kwa tundu pana, na tundu pana lina hatari zake.

Njia ya pili ni kupasua jiwe kwa mawimbi kutoka nje ya mwili, bila kutoboa. Watoto hupitisha vipande vizuri kuliko watu wazima. Hata hivyo kwa umri wake mara nyingi bado atahitaji kulazwa usingizi, jiwe likiwa chini ya figo vipande hutoka kwa shida zaidi, na huenda mkarudi zaidi ya mara moja. Njia ya tatu ni kupitisha kamera nyembamba kutoka chini kupitia njia ya mkojo na kuvunja kwa leza. Inahitaji vifaa vya saizi ya mtoto na daktari aliyezoea, na havipo kila mahali. Upasuaji wa wazi nao bado upo, kwa mawe yaliyoshindikana.

Kungoja akue? Naelewa moyo wako unavyotaka. Vipande vya milimita mbili tatu huweza kuangaliwa kwa muda. Milimita 14 ni habari nyingine, na kama jiwe lilitokana na maambukizi, kipande kinachobaki huweza kuwa mbegu ya jiwe jingine. Figo pia inaweza kuziba na kuharibika kimyakimya mtoto akiwa anacheza mpira. Kwa hiyo kama mtachagua kungoja, ngojeni kwa tarehe, kwa utrasaundi na vipimo vya mkojo vilivyopangwa na daktari.

Kwa bibi nenda na heshima zote, maana anahangaika kwa mapenzi. Yapo mawe machache yanayoyeyuka kwa dawa, yale ya asidi ya yuriki, na ndiyo maana ni muhimu kipande kilichotolewa kipimwe kijulikane ni cha aina gani. Uliza kama kilipelekwa maabara. Mawe ya watoto mara nyingi yana chanzo mwilini, mengine ni ya kurithi, na bila kujua chanzo mtatoa jiwe leo lizaliwe lingine. Lakini mizizi ambayo haijulikani inafanya nini kwenye figo iliyotoka kujeruhiwa, hiyo inanitia hofu. Mwombe aisimamishe angalau mpaka mrija utoke, na mwambie daktari kwamba mtoto aliitumia, usimfiche. Maziwa na dagaa arudishiwe isipokuwa daktari mwenyewe amekataza. Chokaa iliyo kwenye chakula husaidia kuishika oksaleti, kitu kilicho kwenye baadhi ya vyakula ambacho hutengeneza mawe, ibaki tumboni isifike kwenye figo, kwa hiyo kumnyima kunaweza kuongeza mawe. Kinachofaa kupunguzwa ni chumvi, na kinachofaa kuongezwa ni maji. Bibi apewe kazi hiyo ya maji, asubuhi hadi jioni, mpaka mkojo uwe mweupe. Na wewe ongea na mwalimu wake amruhusu kutoka kila anapobanwa.

Nimebakiza baba.

Anasema saini ni yako. Maneno hayo yanakata, na sitayatetea. Ila nimesoma kuhusu mdogo wake, nikajiuliza kama mtu huyu anapigana na wewe kweli, au anapigana na mlango ule uliomla nduguye. Siku mwanawe anapita mlango huohuo, yeye yuko barabarani, simu haishiki. Je, mmewahi kukaa akakusimulia habari za mdogo wake tangu mwanzo? Na wewe, umewahi kumsimulia benchi? Siyo mabishano ya nani alikosea, zile saa zenyewe, kuanzia saa nne na nusu uliposimama. Labda hajui kwamba uliogopa kama yeye. Ukimrudisha mtoto kwa siri kwa ajili ya upasuaji mkubwa, likitokea la kutokea utalibeba peke yako maisha yote. Kwa upande mwingine, hofu yake haiwezi kuwa ndiyo inayoamua mpaka figo ife. Katikati hapo kuna kitu kimoja kinachowezekana: aende yeye mwenyewe siku ya mrija, aingie kwa daktari, aulize kwa mdomo wake. Akitaka daktari wa hospitali nyingine aangalie zile karatasi na picha, ni ombi la haki na halimtukani mtu. Kama fedha ndiyo inayojificha nyuma ya maneno, muoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema.

Mkifika kwa daktari, msimuulize tu itachukua masaa mangapi. Atawapa namba, nanyi mtaishika kama ahadi, kama ulivyofanya mara ya kwanza. Muulizeni: utasimama wakati gani? Jiwe lisipokwisha, ni dalili ipi itakufanya useme basi, tutarudi siku nyingine? Maji yatapashwa moto? Damu itakuwa tayari? Mkojo utaoteshwa maabara kabla, kuona kama una vijidudu, na atapewa dawa kulingana na majibu? Watoto wa umri huu unawafanyia mara nyingi? Na nani atatoka kuniletea habari, kila baada ya muda gani? Daktari anayejibu hayo bila kukasirika, mtamsikia. Anayekasirika, mtamsikia pia.

Saini yako ya kwanza, mwanangu, uliiweka mbele ya mtoto mwenye homa na figo iliyojaa jiwe, ukiwa peke yako. Mimi nisingekulaumu nikiwa mama mkwe wako, wala nikiwa mumeo.

Na lile swali lake. Usijifanye tena hukusikia, maana atadhani jibu ni baya. Mrija utakapotolewa atalazwa usingizi kidogo, kwa hiyo swali litarudi wiki hii. Mweleze ukweli wa kiasi chake: kwamba kuna mrija mdogo tumboni, unatolewa, ni kazi fupi kuliko ile, kwamba madaktari wanamlaza ili asihisi maumivu, na mmoja wao kazi yake ni kukaa kichwani pake muda wote kumwangalia mpaka aamke. Muulize anakumbuka nini cha mara ile. Huenda kinachomshtua usiku ni baridi tu, na baridi unaweza kumwombea blanketi. Mkifika hospitali, kabla hajaingia, mpitishe kwenye ile korido ukiwa na baba yake. Mwonyesheni benchi, aguse, ajue mtakuwa mmekaa hapo.